Miguu inawaka usiku, mchana ina ganzi: jibu kwa mzee wa pikipiki wa Kiwira

Shikamoo mzee wangu, na ndaga fijo kwa kuniandikia kwa kirefu namna ile, wengi wananitumia mstari mmoja tu "dokta miguu inawaka nifanyeje" nabaki nabahatisha, wewe umenieleza mpaka kiatu unachovaa.

Kwa watakaosoma na wengine: mzee ana miaka 63, yuko upande wa Kiwira, anaendesha pikipiki tangu 1996, siku hizi anapakia abiria na mikungu ya ndizi, Tukuyu kwenda Uyole na kurudi. Miaka 6 iliyopita aliambiwa sukari iko juu akapewa metformini, akijisikia vibaya anameza, akijisikia vizuri anaacha. Mwaka jana miguu ikaanza kuwaka usiku kama mtu kampaka pilipili, shuka tu likigusa vidole anashtuka, mchana ni ganzi, anakanyaga kama kavaa soksi nene na hajavaa soksi. Keshachomwa sindano 10 za vitamini, keshachuliwa na dawa za kupaka za kila aina, na jioni mama anamuwekea maji ya moto na chumvi. Mguu wa kushoto bado unawaka ila wa kulia una miezi 3 umetulia, hauumi, anaona huo unapona. Anauliza dawa ya kuzima huo moto ni ipi, na je ndo muda wa kuachana na pikipiki?

Mzee, mimi naanza na mguu wa kulia. Najua wewe umeuliza wa kushoto kwa sababu ndo unaokunyima usingizi, ila nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimekwama hapo kwenye huo uliotulia. Sidhani kama unapona. Niko kliniki ya kisukari hapa Mbeya mwaka wa 19 huu na wazee waliokuja kwangu wakifurahi kwamba mguu umeacha kuuma wenyewe tu, bila dawa, bila sukari kushuka, wengi wao mguu ulikuwa umeacha kuuma kwa sababu umeacha kusikia.

Ngoja nikueleze inavyokuwa. Mishipa ya fahamu ni kama zile waya za klachi na ekseleta, ila hii inapeleka habari na kuleta habari, na ule mrefu kuliko yote unatoka kiunoni mpaka ncha ya kidole cha mguu, karibu mita nzima. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa yenyewe na inaharibu pia vile vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha, na uharibifu unaanzia mwisho wa ile mirefu, ndo maana unaanza vidoleni, miguu yote miwili, unapanda kidogokidogo kama mtu anavaa soksi, ukifika magotini na ncha za vidole vya mikono zinaanza kufa ganzi. Mshipa ukiwa umejeruhiwa unatuma habari za uongo, hakuna moto lakini unasema moto, hakuna sindano lakini unasema sindano, hapo ndo ulipo mguu wako wa kushoto. Ukishakufa kabisa hautumi chochote, kimya. Na mshipa unaoweza kuota tena unaota taratibu mno, kama milimita 1 kwa siku na hiyo mambo yakiwa mazuri, kwa hiyo mguu uliopona kweli wote ndani ya miezi 3 huku sukari iko vilevile mimi sijawahi kuuona.

Na huo wa kulia ndo wa breki. Hapo ndo nilipokosa raha kabisa kusoma barua yako.

Kabla hujaenda popote fanya hiki kipimo leo jioni, hakina gharama. Lala kitandani fumba macho, mwambie mama aguse kwa ncha ya kidole chake, kugusa tu kama kipepeo ametua, asibonyeze wala asisugue, sekunde 1 au 2 basi, kidole gumba cha mguu wa kulia, halafu cha kati, halafu kile kidogo cha mwisho, kisha mguu wa kushoto vilevile, na achanganye mpangilio usiwe unajua kinachofuata. Kila ukisikia sema "kulia" au "kushoto". Jumla ni mara 6. Ukikosa mara 2 au zaidi mguu umepoteza hisia za kukulinda, hiyo si mimi nasema kwa kukutisha, ni kipimo kinachotumika hata kwenye kliniki pale ambapo ule uzi maalum wa kupimia haupo. Usimwambie mama asaidie, wamama wana huruma, anabonyeza kidogo ili mzee asikie.

Kingine, ukiwa bafuni na sabuni usoni umefumba macho, unayumba? Unashika ukuta? Nitakuambia chini kwa nini nauliza.

Sasa twende kwenye chanzo, maana moto huu hauzimwi bila kujua nani kauwasha. Kwako wa kwanza kushukiwa ni sukari, hilo liko wazi, metformini si panadol mzee wangu, haimezwi siku ya kujisikia vibaya, inamezwa kila siku hata siku unayojisikia kijana. Nataka upime sukari ya asubuhi kabla hujala (milimoli 7.0 kwa lita kwenda juu ni kisukari) na ile HbA1c inayoonyesha wastani wa miezi mitatu iliyopita, asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari, na kwa mtu wa umri wako mwenye dawa tukikuona kwenye 7 na kidogo tunashukuru. Pima na figo, kreatinini, kwa sababu dawa ninazokutajia baadaye dozi yake inategemea figo.

Ila sukari isitufumbe macho na mengine. Metformini yenyewe ikinywewa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikishuka inaleta ganzi hiihii, ndo maana mtu anaweza kuwa na sukari nzuri kabisa na miguu bado inakufa. B12 iko kwenye maini, samaki, dagaa, mayai, maziwa, haiko kwenye viazi wala ndizi hata ule mkungu mzima. Pombe nayo inaua mishipa, hujaniambia kama unakunywa na sikulaumu kwa kutoniambia, ila kama ni komoni au kimpumu kila jioni nahitaji kujua (na wa Iringa na Njombe mnaosoma hapa, ulanzi wa kila siku ni uleule). Umewahi kutumia dawa za TB? Isoniazidi inaleta ganzi, ndo maana siku hizi wanaipa pamoja na vitamini B6. Virusi vya UKIMWI pia na baadhi ya zile ARV za zamani, kwa hiyo pima tu mzee, hakuna aibu kwenye afya. Na angalia ngozi, kama una baka lolote lililopauka ambalo ukiligusa halisikii basi lionyeshe kwa daktari, ukoma bado upo Tanzania na dawa yake ni bure.

Mgongo pia. Mtu aliyekaa kwenye siti ya pikipiki karibu miaka 30 kwenye barabara zetu lazima mgongo uulizwe. Kwa kuwa mguu mmoja na mwingine havifanani kwako, hilo silipitii juujuu. Mgongo uliobana mishipa unajulikana hivi: ukikaa kwenye pikipiki umeinama mbele unajisikia vizuri, ukisimama au ukitembea muda miguu inakufa, na kwenye milima yetu hii kupanda kunakuwa afadhali kuliko kushuka, kwa sababu ukishuka unajinyoosha kwa nyuma. Ganzi ya sukari haijali umekaa wala umesimama, na usiku ndo inanoga. Ila siku ukiona ganzi imekuja kwenye makalio na sehemu za siri, au mkojo unatoka bila habari au umegoma, au mguu mmoja umelegea ghafla unyayo unaburuza, usisubiri kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni saa 8 usiku.

Kuhusu zile sindano 10. Hapa naomba uniwie radhi nikiongea kwa uchungu kidogo. Baba yangu mzazi alichomwa sindano za vitamini karibu miaka 2 kwenye zahanati moja, kila akienda anaambiwa ni uzee na baridi ya huku kwetu, hakuna aliyemtoboa kidole, siku nimemshika mkono nikampeleka kupima mashine ikasoma 19. Wakati huo tayari alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba ambacho hakujua kama anacho, mwisho wake vidole 2 vikakatwa. Zile sindano zina B1, B6 na B12, kama B12 yako iko chini zitakusaidia kweli, kama haiko chini hazigusi sukari hata kidogo, na B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu, yaani unachoma hela ununue tatizo lilelile. Kwa hiyo simama kwanza mpaka upimwe.

Dawa za moto zipo. Panadol na diklofenaki hazifui dafu kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na diklofenaki inaumiza figo za mtu wa kisukari, ziache. Inayopatikana kirahisi na bei yake inabebeka ni amitriptilini, tunaanza na kidogo sana, nusu ya kidonge cha miligramu 25 usiku, tunapanda taratibu. Usiimeze kwa kuazima kwa jirani, kwa umri wako lazima daktari aulize habari za moyo na za mkojo kwanza, mzee mwenye tezi dume inaweza kumbania mkojo kabisa. Inywe saa 1 au saa 2 usiku, si saa 5, ili asubuhi usingizi uwe umeisha, na wiki ya kwanza usipande pikipiki asubuhi mpaka ujue mwili wako unaipokeaje. Kama hiyo haifai kuna pregabalini, gabapentini na duloksetini, bei ni kubwa zaidi, pregabalini wengine inawavimbisha miguu na kuwapa kizunguzungu. Yoyote utakayopewa ipe mwezi mmoja hivi kabla hujasema haifanyi kazi, na elewa kwamba inapunguza, inakurudishia usingizi, haileti hisia zilizokwenda. Ile tramado wanayopeana vijana wa kijiwe usiiguse.

Na nikuonye mapema jambo ambalo linawakatisha wengi tamaa: ukianza dawa za sukari vizuri na sukari ikashuka kwa haraka, wengine miguu inawaka zaidi kwa miezi ya mwanzo. Mtu anasema dawa zinanidhuru, anaacha. Usiache, rudi tuongee.

Sasa yale maji ya moto na chumvi, naomba leo yawe ya mwisho. Mama anafanya kwa upendo, najua, ila mguu usiosikia hauna wa kumwambia maji yameivisha ngozi. Mwezi wa 6 na wa 7 kila mwaka napokea watu walioungua kwa jiko la mkaa, ametoka barabarani baridi imemkata, kasogeza miguu kwenye jiko apate joto, kasikia raha tu, kaja kushtuliwa na harufu au na mjukuu. Oga maji ya vuguvugu, yapimwe kwa mkono wa mama au kiwiko chako, mguu usipewe kazi ya kupima. Na ekzosi vilevile, ukipaki pikipiki angalia mguu uko wapi.

Nikupe kisa kimoja halafu utaelewa kwa nini nimeng'ang'ania. Alikuja baba mmoja, dereva kama wewe, siku ya kliniki ya kawaida tu, hana malalamiko yoyote, presha nzuri, anacheka. Nikamwambia avue gambuti. La kushoto sawa. La kulia alipolivuta soksi ikaja na rangi ya kahawia kwenye kisigino, nikaligeuza lile buti nikaligonga kwenye sakafu ikadondoka nati, nati namba 10 ile ya kawaida kabisa, ikabingirika mpaka chini ya meza. Alikuwa ametengeneza pikipiki juzi yake. Siku mbili alitembea nayo, akapakia nayo abiria, akaingia nayo kanisani, na kwenye kisigino palikuwa na shimo lenye kona 6 kama mtu kapiga muhuri. Aliitazama ile nati muda mrefu sana, hakusema kitu.

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani ya kiatu upapase mpaka mwisho, kisha kigonge. Kila jioni angalia nyayo na katikati ya vidole, kama huwezi kuinama weka kioo chini au mama aangalie, ukiona wekundu, lengelenge, mpasuko, majimaji, njoo kesho yake na si wiki ijayo. Rungwe mvua haina msimu siku hizi, gambuti likilowa ndani ngozi inalainika inachubuka, beba soksi mbili kavu kwenye begi ubadilishe mchana. Kucha kata zinyooke, usichimbe kona, sugu usikate kwa wembe. Ndani ya nyumba pia vaa viatu. Na mguu ukivimba ukawa na joto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, hata kama hakuna kidonda, acha kuukanyagia na njoo upigwe picha, mifupa ya mguu wenye ganzi inaweza kuvunjikavunjika mwenyewe akiwa anatembea nao.

Haya, pikipiki.

Breki ya nyuma iko mguu wa kulia, gia mguu wa kushoto. Mguu wenye ganzi unakosa vitu viwili: haujui umekandamiza kwa nguvu kiasi gani, na haujui uko wapi usipoutazama. Ndo maana nimekuuliza habari ya kuyumba bafuni, anayeyumba akifumba macho anasimama kwa kutegemea macho, na Isyonje pale, kwenye njia yako ya Uyole, ukungu ukishuka macho hayapo, huwezi kutazama barabara na kutazama mguu kwa wakati mmoja. Wengine mguu unalala juu ya pedeli bila wao kujua, breki inakula taratibu kutwa nzima, habu ya nyuma inachemka, halafu wanapoihitaji kweli kwenye mteremko haishiki. Jipime: mwambie kijana unayemwamini akufuate kwa nyuma kilomita 2 aangalie taa yako ya breki, kama inawaka wakati wewe unajua hujakanyaga, umepata jibu. Na wengi niliowauguza hawakuanguka wakiwa kwenye mwendo, walianguka wakisimama, mguu umeshuka kwenye shimo au kwenye tope na haukusema chochote, pikipiki ikalala nao.

Kwa hiyo abiria acha kuanzia leo mpaka upimwe. Nakuambia kwa heshima zote mzee wangu, mimi kwa sasa nisingempandisha mwanangu nyuma yako, na najua hiyo ndo hela ya nyumbani. Kama kwenye kile kipimo utasikia zote 6, mambo yako nafuu kuliko ninavyohofia, tutazungumza vizuri. Ukikosa 2 au zaidi, kubeba watu nadhani imefika mwisho, na mikungu ya ndizi pia, mzigo wa juu unataka miguu yote miwili isimame imara. Ukikosa zote 6 weka ufunguo mezani.

Aliye katikati, yaani hakusikia zote 6 wala hakukosa zote 6, anaweza kujisogeza kidogo mwenyewe, peke yake, mchana, barabara kavu, karibu na nyumbani. Breki ya mbele ya mkono ndo yenye nguvu zaidi, ijifunze upya kwa kuminya taratibu (kwenye tope na changarawe kidogokidogo sana), mteremkoni shuka na gia ndogo injini ikushike. Mwambie fundi aache nafasi ya sentimita 2 au 3 kwenye pedeli kabla breki haijaanza kushika, ili mguu ukilala kidogo isile. Acha gambuti kwa kuendeshea, vaa kiatu cha kufunga kilicho kipana mbele, soli isiwe nene mno. Wengine wananiambia watahamia bajaji, mzee bajaji breki yake nayo ni ya mguu wa kulia, haijakuokoa. Skuta ndo breki zote mbili ziko mkononi na gia hamna, nina mgonjwa mmoja kahamia huko na anaenda nayo sokoni vizuri, ila matairi ni madogo, kwa zile barabara za ndani zenye mashimo sikushauri.

Anzia hospitali ya Makandana hapo Tukuyu, uliza siku ya kliniki ya kisukari, uende asubuhi hujala kitu, na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja hata zile za kupaka. Wakiona unahitaji kupanda juu watakupa rufaa uje huku Mbeya. Nenda kwa daladala. Na uende na yale mabuti unayoendeshea, mwambie atakayekuona aingize mkono mpaka ndani.